Daktari aliyechukua pamba

Mwaka 2017 nilipata mkanda wa jeshi, ulinikamata mbavuni upande wa kushoto, malengelenge yakakauka yakabaki makovu na kila mtu akawa ananiambia umepona mshukuru Mungu. Ila maumivu hayakuondoka. Yani ngozi imefunga kabisa, hamna kidonda, lakini nguo ikigusa tu ni moto. Sidiria niliacha kuvaa nikawa nashinda na khanga ya mama, ile ya zamani iliyolainika, na usiku ndo mateso maana joto la Dar mnalijua na feni siwezi kuwasha, upepo wake ukinipitia mbavuni nalia. Mume wangu analala analowa jasho hasemi kitu.

Miezi minne nazunguka dispensari, panadol, diklofenaki, sindano, wapi. Ukimwi nimepima mara tatu maana ukitaja tu mkanda wa jeshi watu wanakuangalia vile, majibu hasi na bado wananong'ona. Nesi mmoja akaniambia dada una mawazo tu.

Afu nikampata daktari mmoja mzee. Akachukua pamba akaivuta ikawa kama unyoya, akaipitisha mbavu za kulia, nikasikia pamba. Akaipitisha kushoto, niliruka pale kitandani. Akasema "pole sana mama, neva hii imeumia." Akanieleza kwamba virusi vya tetekuwanga niliyougua utotoni havikutoka mwilini, vilijificha kwenye mzizi wa neva, vilipoamka vikaiharibu, sa neva yenyewe ndo inapiga kelele wakati ngozi haina shida. Nikalia upya. Miezi minne hamna aliyewahi kunigusa pale.

Akaniandikia amitriptilini, nianze na nusu ya kidonge cha miligramu 25 kila usiku, akanionya kabisa kuwa ni dawa ya sonona ila kwa dozi ndogo inatuliza neva, na nisitegemee kitu kabla ya wiki mbili tatu. Kijana wa duka la dawa akaniuliza mgonjwa wa akili ni nani. Iliniuma, ila nilimeza. Mdomo ulikauka, na asubuhi usingizi mzito mpaka uji wa mtoto ukaungulia jikoni.

Wiki ya nne hivi, wageni walikuja mchana wakawasha feni, umeme ukakatika, hamna aliyekumbuka kuizima. Saa nane usiku umeme ukarudi, feni ikaanza kuzunguka. Nikajikaza nausubiri ule moto. Ulikuja, ila mdogo. Mume wangu akakurupuka kwenda kuzima nikamwambia baba fulani iache, iache kidogo.