Jumatano Zetu za Kiamunyi

Tulipokwenda kuomba kujiunga na kikundi cha wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani hapa Kiamunyi, nje kidogo ya jiji la Nakuru, mama mwenyeji wetu alitukaribisha chai, akatuuliza maswali matatu, na hakuna hata moja lililohusu watoto. Alitaka kujua mara ya mwisho mimi na mke wangu tulimaliza kusoma kitabu lini, simu zetu hulala wapi usiku, na kama tulikuwa tayari kusoma na wazazi wenzetu kwa miezi mitatu kabla ya kumleta mtoto yeyote kwenye vipindi vya pamoja. Nilikuwa nimebeba ripoti za shule za watoto wote wawili katika bahasha ya kaki, nikijua kwamba zingeulizwa kwanza. Niliirudisha nyumbani bila kufunguliwa.

Mpaka siku hiyo binti yetu alikuwa gredi ya nne na mdogo wake gredi ya kwanza, katika shule ya kibinafsi ambayo basi lake lilipita langoni saa kumi na mbili asubuhi na kuwarudisha saa kumi na moja jioni wakisinzia. Sina ugomvi mkubwa na walimu wao, ambao nao walikuwa wamechoka. Kilichonisumbua ni kwamba binti yangu, ambaye mama yake alimfundisha kusoma kwenye meza ya jikoni shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, na ambaye siku hizo alikuwa akiuliza maswali hadi tunachoka, alikuwa ameacha kuuliza. Mke wangu ni muuguzi wa zamu, nami ni mhasibu ambaye siku tatu kwa wiki hufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo tuliona kwamba muda ungepatikana. Tulichokosa ni njia.

Njia zenyewe ni nyingi, na mtu anaweza kupotea kati yake. Familia nyingi zinazosomesha nyumbani nchini Kenya hutumia vijitabu vya Accelerated Christian Education, mfumo ulioanzia Marekani mwaka 1970, ambamo mtoto huketi peke yake akijaza kijitabu kimoja hadi kukimaliza kabla ya kupewa kingine. Kikundi chetu kimechagua kufuata mawazo ya Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyezaliwa mwaka 1842 na ambaye mwaka 1892 alifungua chuo cha kuwafunza walimu huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, alikoishi hadi alipofariki mwaka 1923. Msingi wa mawazo yake ni kwamba mtoto huzaliwa akiwa mtu kamili, wala si debe tupu linalongoja kujazwa, na kwa hiyo alishwe maandishi bora yaliyoandikwa na watu wanaolipenda jambo wanaloliandikia, asome vipindi vifupi visivyozidi dakika 15 au 20 akiwa mdogo, na mchana aachwe nje aangalie ndege, majani na wadudu. Familia zetu ni saba, na kila moja hufundisha kwake asubuhi. Jumatano tunakutana sote, na Jumamosi moja kila mwezi wazazi hukutana bila watoto kusoma na kubishana.

Nakiri kwamba neno falsafa, ambalo kikundi chetu huyaita mawazo haya, lilinitia shaka. Nilidhani ni pambo, la kuzifanya familia saba zenye wasiwasi zijione zina hekima. Nililielewa pale tulipobishana kuhusu zawadi, baada ya mzazi mmoja mgeni kupendekeza watoto wanaomaliza hesabu mapema wapewe peremende. Katika kikundi cha kawaida jambo hilo lingepigiwa kura na kusahaulika. Hapa tulikaa karibu saa mbili tukirudi kwenye swali moja, kwamba kama mtoto ni mtu, je, tunamnunua? Peremende hazikuletwa, na mzazi yule, ambaye hakushawishika kabisa, alikubali kwa sababu alijua uamuzi umetoka wapi. Mabishano mengine bado hayajaisha. Vitabu vinavyopendekezwa katika njia hii vimejaa theluji na ndege wa Uingereza, na sisi tunaishi mahali ambapo mtoto anajua vumbi la Januari na mvua kubwa za Aprili. Wapo wanaosema tuvisome hivyohivyo. Mimi niko upande wa wanaotafuta maandishi ya Kiswahili na ya lugha zetu za nyumbani, nami naona kwamba mwalimu aliyesisitiza mtoto ajue kwanza kilicho nje ya mlango wake angekuwa upande wetu.

Kazi iliyonishinda mwanzoni ni ile ya kusimulia. Mzazi husoma kifungu mara moja tu, kisha mtoto hueleza alichosikia kwa maneno yake, na mzazi haruhusiwi kumkatiza, kumsahihisha wala kumuuliza maswali ya kumwelekeza. Mimi nilifanya mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ule uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na kichwa changu chote kilijengwa juu ya jibu moja sahihi kati ya manne. Wiki ya kwanza nilimsomea mwanangu kifungu kuhusu pimbi, nikanyamaza, naye akanyamaza. Nilihesabu kimoyomoyo hadi 60. Kisha nikavunja sheria na kumuuliza, "Pimbi anakula nini?" Akajibu, "Majani," akaangalia dirishani, na kipindi kikafia hapo. Mke wangu, ambaye alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliniambia kwamba nimegeuza hadithi kuwa polisi na mshukiwa.

Jumatano iliyofuata tuliwapeleka watoto Hyrax Hill, kilima kilichopewa jina la pimbi hao na ambacho kipo karibu na mji kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikichimba kuanzia mwaka 1937, na leo mgeni huoneshwa makaburi, mabaki ya makao ya watu wa kale, na vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba. Watoto waliviona vishimo wakavijaza mawe madogo kabla mtu yeyote hajaeleza chochote, na sisi wazazi, kwa mujibu wa makubaliano, tulifunga midomo. Binti yangu alichora bao lile katika daftari lake la maumbile, akahesabu vishimo mara mbili kwa kuwa hesabu ya kwanza haikulingana na mchoro wake. Mwanangu alilala kifudifudi juu ya jiwe.

Jioni hiyo mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea, na yeye hajawahi kuficha maoni yake kuhusu jambo hili. Mwanangu akamkalia pajani akaanza, bila kuulizwa, kwamba pimbi ni mdogo kama sungura lakini ndugu yake wa karibu ni ndovu, na kwamba juu ya kilima kuna watu waliocheza bao kabla ya Cucu, yaani bibi yake huyo, kuzaliwa, na kabla ya Cucu wa Cucu. Aliendelea hadi chakula kikapoa. Kifungu nilichodhani kimepotea kilikuwa chote humo, pamoja na mambo ambayo mimi niliyekisoma nilikuwa nimeyasahau.

Mama mkwe alisikiliza, akampa maini yake, kisha akanigeukia. "Mwanangu, haya ni mazuri. Lakini cheti atapata wapi?"

Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa pimbi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na mzazi anayeamua kufundisha nyumbani hana budi kuisoma kabla ya kuamua, ikiwezekana akiwa na wakili. Familia mbili kikundini zinawaandaa wakubwa wao kufanya mitihani ya kimataifa ya Cambridge ya Uingereza kama watahiniwa wa kibinafsi. Sisi tumemwambia Cucu kwamba binti yetu huenda akarudi shuleni kwa sekondari ya chini, gredi ya saba. Alitaka tarehe. Hatukuwa nayo.

Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuongoza usomaji wa wazazi, na sura iliyonifikia inahusu mazoea ya nyumbani. Nimeshaisoma mara mbili na kuandika maelezo. Mke wangu amenikumbusha kwamba simu yangu bado hulala chini ya mto.