Kazuya kwa anayeanza Tekken 7: umeme uje mwisho

Ukipita kwenye vibanda vya gemu vya Mwanga au Ujiji, Kigoma, jioni, utamkuta kijana anacheza Tekken, gemu ya kupigana, kamchagua mpiganaji Kazuya kwa sababu moja tu: ile ngumi yenye cheche za umeme inayomrusha mtu hewani. Anaikomalia hiyo ngumi peke yake. Haitoki, au inatoka mara moja kati ya kumi, na hizo tisa zilizobaki anapigwa. Baada ya muda anasema Kazuya ni mgumu, anahamia kwa Eddy, mpiganaji mwingine wa gemu hiyo. Kazuya si mgumu kiasi hicho, ila watu wengi wanaanza kumjifunza kutokea mkiani.

Kazuya yumo tangu Tekken ya kwanza, mwaka 1994. Waliokulia kwenye Tekken 3 hawamjui sana kwa kuwa humo hachaguliki. Katika mfululizo mkuu alirudi kwenye Tekken 4. Hapa nazungumzia Tekken 7, iliyotoka kwa PS4 mwaka 2017.

Kwanza vitufe. Kila kitufe ni kiungo cha mwili: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Ukilishika hilo, orodha ya mapigo inaanza kusomeka. Mwelekeo cheza kwa mishale, achana na stiki ya mviringo, kwa sababu Kazuya anadai kidole kiache mshale kabisa katikati ya mwendo, na stiki hurudi katikati kwa kusuasua.

Pili, mapigo yana kimo. La juu linazuiwa ukisimama na linapita hewani ukichuchumaa. La kati linazuiwa ukisimama, lakini linampata aliyechuchumaa. La chini linazuiwa kwa kuchuchumaa tu. Mchezo mzima wa Kazuya umejengwa juu ya swali hilo: mpinzani asimame au achuchumae? Akisimama unamfagia miguu kwa pigo la chini, akichuchumaa unampiga la kati. Mwenye umeme mzuri lakini hana swali hilo atashinda raundi moja, halafu wenzake watamsoma.

Sasa mapigo yenyewe. Anza na ngumi tatu za haraka: mraba, mraba, pembetatu. Ya kwanza inafika kwa fremu 10. Fremu ni picha moja ya mchezo, na mchezo unakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo hiyo ni sehemu ya sita ya sekunde. Kazi yake ni kuadhibu. Mpinzani akikosea, akarusha pigo linalomchelewesha kurudi, ukalizuia, hapo hapo unamjibu kwa hizo tatu. Usizitumie kuanzisha ugomvi, kwa sababu zikizuiwa zote utabaki umeduwaa na yeye ndiye atakayekuadhibu.

La pili ni la kati: bonyeza kona ya chini-mbele (mshale wa chini na wa mbele kwa pamoja) pamoja na pembetatu. Ukimkuta mpinzani ameanza kurusha pigo lake, ngumi hii inamlegeza na unaweza kumuunganishia mengine. Hili ndilo pigo litakalokulipa mapema ukiwa na Kazuya, maana vibandani watu hawapendi kuzuia, wanapenda kubonyeza. Mwache arushe pigo lake, lizuie, akiwa anataka kuendelea mchape kona-pembetatu. Likizuiwa, unabaki nyuma fremu 12, yaani mpinzani anakuwa huru kusogea kabla yako, na mpinzani mwenye akili atakugonga ngumi za haraka. Kwa hiyo usilirudie mara tatu mfululizo.

La tatu linatoka ukiwa unainuka. Chuchumaa, achia mshale, na Kazuya akianza kusimama bonyeza mraba kisha pembetatu. Ngumi mbili, zote za kati, zikiingia mtu anapaa. Ukizuia fagio la mtu kwa kuchuchumaa, jibu ni hili. Anayeanza hukosea kwa kushikilia chini muda mrefu: mshale ukiwa bado umebanwa, utatoka mpigo wa kuchuchumaa, na nafasi imekwenda. Achia kwanza, kitufe kifuate.

Mtu akishapaa, usitafute kombo (mfululizo wa mapigo) za video. Ngumi moja ya mraba, songa mbele kidogo, malizia na mraba, mraba, pembetatu. Damu inayotoka si nyingi, lakini inatoka kila mara. Kombo ya mapigo manane inayoanguka kwenye pigo la tatu ina thamani ndogo kuliko hiyo.

La nne ni fagio, na hapo ndipo mwendo wa Kazuya unapoingia: mbele, achia, chini, kona ya chini-mbele, halafu duara. Anainama, anateleza kuelekea kwa mpinzani, anafagia miguu, na mtu anaanguka. Linauma na linaogopesha. Lakini bei yake ni kubwa kuliko ya pigo lolote kati ya haya, kwani likizuiwa unabaki nyuma fremu 23, na karibu mhusika yeyote atakurusha hewani na kukuunganishia kombo nzima. Lipige pale tu mpinzani ameshazoea kuzuia akiwa amesimama. Ukitaka kumchokoza chini kwa bei nafuu, tumia kona ya chini-nyuma na duara. Ni teke dogo, halimwangushi, lakini linamfanya aanze kufikiria kuchuchumaa. Akianza kufikiria hivyo, kona-pembetatu inarudi kazini.

Kwa mapigo haya unaweza kucheza na kushinda. Nasisitiza hili kwa sababu kuna dhana kwamba Kazuya bila umeme ni bure, na dhana hiyo inawaondoa watu wengi wenye uwezo.

Tukubaliane basi kwamba umeyashika, na sasa unataka umeme. Mwendo ni ule ule wa fagio, mbele, achia, chini, kona, ila kitufe ni pembetatu, na lazima kibonyezwe kwenye fremu ile ile ambayo kona inaingia. Fremu moja ni kama sekunde 0.017. Ukichelewa kidogo ngumi inatoka, lakini bila cheche, na tofauti si ya urembo. Isiyo na cheche ikizuiwa unabaki nyuma fremu 10, yaani ngumi ya haraka ya mpinzani inakupata bila ubishi. Yenye cheche ikizuiwa, wewe ndiye uliye mbele kwa fremu 5, zamu ni yako tena. Zote mbili ni za juu, kwa hiyo anayechuchumaa atazikwepa.

Siri iko kwenye kidole gumba. Usijaribu kuviringisha kidole hadi konani kisha ukimbilie kitufe. Gusa mbele, inua kidole, kibanze chini, kisha gusa mbele na pembetatu kwa pamoja huku chini bado imeshikwa. Hapo kona inazaliwa wakati ule ule na kitufe. Mikono miwili inapiga pigo moja.

Ukiwa kwenye sehemu ya mazoezi, washa orodha inayoonyesha vitufe ulivyobonyeza, maana inasema ukweli kuliko macho. Mstari wa mwisho unatakiwa uwe na kona na pembetatu pamoja. Ukiona kona iko peke yake kwenye mstari mmoja, na pembetatu iko kwenye mstari unaofuata, umechelewa. Ukiona pembetatu imekaa na mshale wa chini, umewahi. Na ikitoka ile ngumi ya kona-pembetatu tuliyoizungumza mwanzo badala ya ngumi ya umeme, basi hukuachia mshale baada ya mbele, umetoka mbele ukaingia chini moja kwa moja. Hilo la kuachia ndilo kosa linalowasumbua wengi, na dawa yake ni kupunguza kasi: fanya mwendo peke yake, bila kitufe, mpaka Kazuya ateleze kila mara, ndipo uongeze pembetatu.

Fanya pande zote mbili za skrini. Ukiwa kulia, mbele inakuwa kushoto, na kidole kilichokuwa kinasukuma sasa kinavuta. Mtu anayejua upande mmoja ana nusu ya Kazuya, na wapinzani wa kibandani wataligundua hilo haraka.

Kuna mambo mawili ya vifaa ambayo watu huyasahau. Pedi za kibandani zimechoka; mpira wa ndani chini ya mishale ukiisha, mshale wa chini hauitiki mpaka uukandamize, na umeme hautatoka hata ukiwa na mikono ya dhahabu. Kabla ya kulipa, ingia mazoezini, bonyeza kila mshale polepole, tazama kama unaonekana kwenye orodha. La pili ni runinga. Nyingi za nyumbani huchakata picha kwanza kabla ya kuionyesha, na unaona pigo likiwa limeshachelewa. Kwenye menyu ya picha mara nyingi kuna chaguo la gemu. Mwombe mwenye kibanda aliwashe.

Na muda. Jioni ni mshindi anabaki, foleni imejaa, huwezi kukaa mazoezini. Nenda asubuhi au mchana kiti kikiwa kitupu, lipia saa badala ya mchezo, nusu ya saa iwe mazoezi na nusu iwe mechi. Kwenye mechi jiwekee jambo moja tu la kufanya, kwa mfano leo ni kuadhibu kila fagio kwa ngumi mbili za kuinuka, hata ukishindwa raundi.

Ukikutana na Eddy wa kukandamiza eksi na duara bila kupumua, usishindane naye kubonyeza. Zuia, subiri mfululizo uishe, mchape tatu za haraka. Ukikutana na King, mpiganaji wa mieleka, tazama mikono yake anapokuja kukushika: ukitangulia mkono wa kushoto bonyeza mraba, wa kulia pembetatu, yote miwili bonyeza vyote viwili.