Modeli ya Rafiki Yangu na Data za Zamani

Mwaka 2019 nilikuwa nasoma UCL, London, na kazi niliyopewa ilikuwa kuendesha Contur, programu inayolinganisha modeli za chembe mpya na vipimo vilivyokwisha kuchapishwa. Rafiki yangu wa Mombasa, mtu wa nadharia, akanijia na folda ya modeli yake: chembe mpya inayofanana na bosoni ya Z (chembe inayobeba nguvu dhaifu ya nyuklia) ila yenye tungamo lake, inayoziunganisha kwaki, yaani chembe zinazounda protoni, na maada giza, ile maada isiyotoa mwanga. "Nipimie hii, bwana. Nimepitia orodha ya tafutizi za CERN, hakuna inayoilenga moja kwa moja."

Huenda alisema kweli, ila Contur haiulizi nani alitafuta nini. ATLAS na CMS, majaribio mawili ya kugonganisha protoni kwenye maabara ya CERN, huchapisha vipimo vya mambo ya kawaida kabisa, kama bosoni za W na Z zinazotoka pamoja na jeti (mikondo myembamba ya chembe), vikiwa vimeshaondolewa athari za kigunduzi. Kwa hiyo hata aliye na kompyuta tu anaweza kuvitumia miaka mingi baadaye. Programu ya Herwig ikatuzalishia migongano ya kuigiza. Nyingine, Rivet, ikaichuja kwa masharti yaleyale ya wapimaji wa CERN. Contur ikauliza: kama chembe hii ipo, nyongeza yake ingejificha ndani ya kiwango cha makosa ya vipimo, au ingeonekana?

Kompyuta za idara zilikesha na kazi hiyo. Asubuhi tukafungua ramani: tungamo la chembe mpya upande mmoja, la maada giza upande wa pili. Eneo kubwa la tungamo dogo lilikuwa limekataliwa kwa uhakika wa asilimia 95. Na waliolikataa hawakuwa wasaka maada giza. Ni watu waliopima W na jeti kwa data za 2011 na 2012, protoni zikigongana kwa nishati ya TeV 7 na 8, wakihesabu kilichopo kama makarani wa ghala.

Mwenzangu alikaa kimya, kisha akatoa hoja ambayo hadi leo naiona nzito. Katika hesabu zile tulichukulia kwamba data yenyewe ndiyo Modeli Sanifu, yaani nadharia iliyokubalika ya chembe zinazojulikana, bila chochote kipya ndani yake. "Basi programu yenu haiwezi kugundua kitu," akasema. "Inajua kukataa tu."

Nikamjibu kukataa nako ni kazi. Hakucheka. Aliomba tupunguze nguvu ya mwingiliano na kwaki, turudie. Mpaka wa eneo lililokataliwa ukarudi nyuma, modeli yake ikapata nafasi. Ramani hiyo ya pili ndiyo aliyoiweka katikati ya tasnifu yake; ya kwanza akaipeleka kwenye kiambatisho.