Tofali mbichi za Farao

Mimi nimekulia Iringa, nimeanza kufyatua tofali nikiwa darasa la nne, kwahiyo kule Luxor, Misri, wenzangu wote wanapiga picha mawe mimi macho yangu yako kwenye udongo.

Asubuhi nilivuka Nile kwa kivuko kwenda ng'ambo ya magharibi, nikakodi baiskeli yenye breki ya kubahatisha, saa mbili tu jua tayari linachoma kama saa saba ya Dodoma, nikakanyaga kupita mashamba ya miwa mpaka Ramesseum, hekalu la Ramses wa Pili aliyetawala 1279 mpaka 1213 KK. Sanamu yake kubwa ya graniti, watu wanaikadiria tani 1000 hivi, iko chini vipande vipande. Haya, sasa zunguka nyuma uone maghala. Ni tofali mbichi tupu, hazijaona moto hata siku moja, na makuba yake mengine, yaani mapaa ya tofali yaliyopinda kama pipa lililolala, bado yamesimama, miaka 3200 na ushee!

Nilisogea mpaka pua inakaribia kugusa ukuta. Makapi ya nafaka unayaona kabisa yamekatika kwenye udongo, rangi bado ya majani makavu. Kwetu hatuweki makapi maana tofali linaenda tanuruni, ila wao walikausha kwa jua tu, sasa bila makapi udongo wa Nile ukikauka unapasuka. Nyingine zina muhuri wa jina la mfalme, yaani jamaa alipiga chapa mpaka tofali la ghala.

Kilichonimaliza ni kuba lenyewe. Misri mbao ndefu zilikua shida, mierezi iliagizwa Lebanoni, ungepata wapi mbao za kushikilia kuba zima? Fundi alianzia ukuta wa mwisho, akalaza tofali za mstari wa kwanza kwa kuegemea ule ukuta, mstari wa pili unaegemea wa kwanza, tope linanata, basi kuba linasogea mbele lenyewe bila nguzo chini. Mafundi wa Kinubi wa Aswan hawakuuacha huu ujuzi, ndio hao msanifu majengo wa Misri Hassan Fathy aliwaleta miaka ya 1940 kujenga kijiji cha New Gourna, kipo hapo hapo jirani.

Mchana nikapanda kilima kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose wa Tatu, angalau kuna kivuli. Aisee nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanigeukia. Ukutani wamechorwa watu wanachota maji bwawani, mwingine anachanganya tope kwa jembe, mwingine kainama na kalibu ya mbao anafyatua, tofali zimepangwa mstari zinakauka. Mgongo ule ule nilioumwa mimi. Ila mimi nilikua nalipwa japo soda, wale wengi ni mateka wa vita kutoka Nubia na Shamu.

Siri nyingine ya maghala kudumu ni hali ya hewa tu, Luxor mvua ni kama hakuna. Jioni nikisubiri kivuko nikamtumia kaka picha ya maghala, yeye ni fundi mpaka leo. Akajibu, "Hii nyumba ya nani mbona hajachoma tofali?" Nikamwambia ya Farao. Akasema, "Mwambie masika yakimkuta huku asinipigie simu."