Mti wa virusi, awamu ya nne: nukta za Januari zimeanguka

Nimeipata! Saa tisa kasorobo usiku, Kisauni kimya, na mimi nimesimama mbele ya kompyuta mikono kichwani. Wiki tatu nimepigana na nukta kumi na kitu, kila moja sampuli ya virusi vya corona ya mgonjwa wa pwani, zilizokataa kukaa kwenye mstari wa mchoro wangu, na usiku huu zimekaa zote.

Sirudii namna ya kupakua jenomu, yaani herufi zote za kinasaba za virusi, na kuzipanga sambamba, mnaofuatilia mnaijua kazi hiyo. Swali bado ni lile la shangazi yangu: je, corona ilifika Mombasa kabla haijatangazwa? Desemba 2019 nyumba yake nzima iliugua: kikohozi kikavu, homa, viungo kuuma. Mpaka leo anashikilia kwamba ile ilikuwa corona, na kwamba serikali ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya tarehe 13 Machi 2020, sisi wa Mombasa tulikuwa tumeshaugua na kupona. Kaa baraza yoyote ya Mji wa Kale utasikia maneno hayo hayo. Na si maneno ya kupuuzwa. Ufaransa ilitangaza wagonjwa wake wa kwanza tarehe 24 Januari 2020, kisha madaktari karibu na Paris wakarudia kupima sampuli walizokuwa wamezihifadhi, wakakuta virusi kwenye ya mgonjwa wa mwisho wa Desemba 2019. Italia nao walipima maji taka ya zamani ya Milano na Torino wakaona alama zake kwenye ya tarehe 18 Desemba, miezi miwili kabla ya kujua kwamba virusi vinaenea kwao. Hata huyo mgonjwa wetu wa kwanza aliingia nchini tarehe 5 Machi akitokea Marekani kupitia London, siku nane kabla ya tangazo. Kwa hiyo shangazi anauliza swali lenye haki ya kujibiwa, na ndiyo maana nililichukua.

Data yangu ni jenomu za pwani za Machi hadi Julai 2020, zile zilizosomwa na watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi. Nikazilinganisha na jenomu ya kwanza ya Wuhan, herufi 29,903, nikahesabu kila moja imebadilika herufi ngapi. Virusi hivi hubadilisha takriban herufi mbili kwa mwezi. Ukichora tarehe ya sampuli chini na idadi ya mabadiliko pembeni, nukta zinapanda kama ngazi, na ukiurudisha mstari nyuma hadi sifuri unapata wakati mti mzima, yaani ukoo wa virusi hivyo vyote, ulipoanza.

Mstari wangu ulikuwa unarudi hadi Mei 2019. Mei! Na si hilo tu, mchoro wangu ulionyesha nukta za Mombasa za Januari na Februari 2020. Mara ya kwanza kuziona moyo ulinienda mbio, nikampigia shangazi simu usiku ule ule, akasema, "Si nilikwambia, mwanangu?" Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mradi huu wote, kwamba nilimpa jibu kabla sijalipima.

Tazameni nukta moja kama nilivyoitazama mimi. Tarehe 6 Januari 2020, mabadiliko tisa. Sampuli ya mgonjwa aliyetupa jenomu ya Wuhan ni ya mwisho wa Desemba. Wiki moja na nusu baadaye ungetarajia badiliko moja, au hakuna. Tisa ni kazi ya miezi minne na nusu. Tena ndani ya tisa zile zimo nne ambazo huwa zinasafiri pamoja, kwenye nafasi ya 241, 3037, 14408 na 23403, alama ya ukoo wa B.1 uliotawala Ulaya na baadaye ukatawala pwani yetu. Virusi vya namna hiyo kuwa Mombasa Januari 6 ni sawa na kukuta kontena bandarini Kilindini kabla meli yake haijang'oa nanga ng'ambo.

Nikashuku jenomu. Nikazisoma upya herufi kwa herufi. Zilikuwa safi. Nikashuku upangaji, nikarudia na MAFFT, programu ya kupanga jenomu, mara mbili, matokeo yale yale. Nikabadilisha mti kwa IQ-TREE, programu ya kujenga mti, mti mpya, nukta zile zile. Nikajaribu BEAST, programu nzito ya kukadiria tarehe za matawi, ikala siku mbili za kompyuta yangu, siku ya pili stima ikapotea mtaa mzima na kila kitu kikaenda nayo. Sitaki tena kuisikia BEAST kwenye mashine ya nyumbani isiyo na betri nzima.

Hapa niseme kuhusu TreeTime, nayo ni ya kukadiria tarehe za mti, maana wengi mnaipenda. Ni nyepesi, na nukta zilizopotoka inazichuja yenyewe. Nilipoiendesha, nukta za Januari zikaondolewa, mstari ukanyooka, nami nikawa karibu kufunga kazi. Lakini nukta iliyopotoka ndiyo yenye habari. Ukimruhusu mchujo aitupe, umemtimua shahidi kabla hajasema. Ndiyo maana narudi TempEst, programu ya kuchora nukta na mstari wake, kila mara. Ni ya zamani, sura yake haivutii, lakini unabofya nukta na inakuambia jina lake.

Basi usiku huu nikawa nabofya moja moja na kuandika tarehe kwenye karatasi. Januari 4. Januari 5. Januari 6. Januari 7. Februari 4. Februari 5, 5, 6. Machi 4, Machi 7. Kalamu ikasimama. Hakuna Januari 10. Hakuna Februari 20. Nukta zilizopotoka zote ni za tarehe 4 hadi 7 tu, kama vile mgonjwa wa Mombasa huenda kupimwa siku nne za mwezi kisha anangoja mwezi mwingine.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Kutwa nzima nashika karatasi zenye tarehe tatu tatu: meli ilipotia nanga, kontena liliposhuka, hati ilipoingizwa. Karatasi za ng'ambo nyingine huanza na mwezi, nyingine na siku, na ukizichanganya unalipia siku za kontena kulala yadi ambazo halikulala. Nimelipa mara moja, sirudii. Kwa hiyo 4, 5, 6 na 7 nikazijua papo hapo: si siku, ni miezi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Siku na mwezi vilikuwa vimebadilishana viti.

Ilitokea hivi. Faili asili ilikuwa sawa, mwaka-mwezi-siku. Niliifungua kwenye programu ya jedwali ili nifute safu mbili tu, nikaihifadhi. Programu ikaziandika tarehe upya kwa mtindo wa Kimarekani, 2020-06-01 ikawa 6/1/2020, bila kuniuliza. Kisha skripti yangu ya pandas, zana ya Python ya kusoma majedwali, nilikuwa nimeiambia siku inatangulia. Kwa 6/1 ikatii na kuandika Januari 6. Ilipofika 6/15, kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, ikageuza yenyewe na kusoma Juni 15. Haikusimama. Kwa hiyo sampuli za baada ya tarehe 12 zote zilikuwa sahihi, na za tarehe 1 hadi 12 zimevurugika. Hata zile za tarehe 8 hadi 12 zilikuwa zimerukia Agosti hadi Desemba, na mimi nilikuwa nimekata kila kitu baada ya Julai, zikapotea kimya kimya. Ndiyo maana idadi yangu ilikuwa pungufu na sikuelewa kwa nini.

Nimesahihisha. Januari tupu, Februari tupu. Nukta ya kwanza iko nusu ya pili ya Machi. Mstari unarudi hadi Novemba 2019, na Novemba hiyo ni ya China, si ya Mombasa. Hili nalo lilinichukua muda kulikubali: mzizi wa mti wa sampuli za pwani hauko pwani. Virusi viliingia kwetu mara nyingi, kwa safari mbalimbali, na matawi hayo yanakutana huko vilikotoka.

Kuenea kimya kulikuwapo, ila baadaye. Watafiti wa Kilifi walipima damu 3,098 za wachangiaji kuanzia mwisho wa Aprili hadi katikati ya Juni 2020, na kwa Mombasa wakakadiria asilimia 8.0 walikuwa wameshakutana na virusi. Ukiipeleka kwa watu milioni 1.2 wa sensa ya 2019 unapata zaidi ya 90,000. Wachangiaji damu si picha kamili ya mji, lakini hata ukikata nusu, bado ni wengi kupita wagonjwa wote waliokuwa wametangazwa Kenya nzima hadi mwisho wa Julai, takriban 20,000. Wakati Mji wa Kale unafungwa mwezi wa Mei, moto ulikuwa umeshapita nyumba nyingi bila moshi.

Kulipopambazuka nilimpigia shangazi nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, basi ile ya Mei jirani zetu walipougua wote, ndiyo hiyo?" Nikamwambia hiyo, naam, inaingia kwenye hesabu.

Mpango ulikuwa sasa nitenganishe kila tawi lililoingia pwani na kulipa tarehe yake. Nimeuweka kando. Nimekumbuka chikungunya, iliyotuvunja viungo hapa Mombasa kuanzia Desemba 2017, baada ya kuwaangusha watu Mandera 2016. Ilikuwa wapi katikati? Jenomu yake ni herufi elfu kumi na moja na kitu, kompyuta yangu inaimudu bila kuhema. Nimeshazipakua. Safu ya tarehe nimeifunga iwe maandishi matupu, na programu ya jedwali haitazigusa faili hizi.