Nilivyoisoma sarafu yangu ya Kirumi

Sarafu za shaba za Kirumi za karne ya 4 ni ndogo, nyingi hazifiki upana wa milimita 20, na zilitengenezwa kwa wingi mno hivi kwamba hata mtu wa kipato cha kawaida anaweza kununua moja. Naishi Ujerumani, na yangu niliinunua kwa muuzaji aliyenipa karatasi za kuonyesha ilikotoka. Nilitaka kuisoma mwenyewe.

Niliiloweka katika maji yaliyokenekwa, nikiyabadilisha kila yalipochafuka, kisha nikachokonoa udongo kwa kijiti cha meno. Ndimu na siki sikuthubutu. Ile ngozi ya kijani iliyoshikamana na shaba ndiyo inayobeba maandishi. Asidi ikiila, herufi zinakwenda nayo.

Kilichonifungulia njia ni mwanga. Nilizima taa ya dari, nikailaza taa ya mezani ili imulike kwa ubavu. Herufi zilizojificha zikaanza kutoa vivuli.

Nilianza na upande wa nyuma, chini kabisa, chini ya mstari waliosimamia askari wawili. Pameandikwa TRS. TR ni mji ilikotengenezwa, Treveri, yaani Trier ya leo, kando ya mto Mosel. S ni secunda, karakana ya pili. Ingekuwa ya Antiokia ningekuta SMAN, ikifuatiwa na herufi ya Kigiriki kama namba ya karakana. Kuwazunguka askari kuna GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hapo hesabu bendera za kikosi zilizo kati yao: sarafu za kuanzia mwaka 330 zina mbili, na tangu mwaka 335 hivi ikabaki moja, sarafu nayo ikapunguzwa uzito. Yangu ina moja.

Kazi kubwa ilikuwa upande wa sura. Konstantino Mkuu alikuwa na wana walioitwa Constantinus, Constantius na Constans, na wote wamo kwenye sarafu za aina hii. Kwenye sarafu hizi maneno hayakutenganishwa, na katikati ya jina ndipo palipolika zaidi. Nikasoma kuanzia mwisho kurudi nyuma: NOB C, nobilissimus caesar, cheo cha mrithi ambaye bado si mfalme. Kabla yake VS, na kabla ya VS ni I, si N. Basi ni Constantius: FL IVL CONSTANTIVS NOB C.

Baba yao alifariki Mei 337, na Septemba mwaka huohuo wana wakatwaa cheo cha AVG, yaani Augustus, mfalme kamili. Kwa hiyo bendera moja pamoja na NOB C vinaiweka sarafu hii kati ya 335 na 337. Nilifurahi sana kuona herufi chache zikiipa tarehe nyembamba kiasi hicho.

Sasa ninayo nyingine, ya VRBS ROMA, yenye mbwa mwitu akiwanyonyesha mapacha. Hiyo haina jina la mfalme popote, kwa hiyo nategemea zaidi herufi za chini, na bado nazisafisha.