Ini Lililousemea Utumbo

Zimebaki siku 11 kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na leo ndiyo mara ya kwanza ninaandika juu ya ini langu. Kwa wiki kadhaa nimejaza shajara hii mambo ya utumbo tu: tarehe ya kulazwa, fomu ya ridhaa, saa ambayo natakiwa kuacha kula. Jana usiku nilizipitia kurasa hizo zote na kukuta kwamba neno ini halimo hata mara moja, ilhali ugonjwa wa ini ndio utakaobaki nami baada ya mshono kukauka.

Nimeishi na kolaitisi, yaani vidonda vya utumbo mpana, kwa miaka 11. Ni maradhi ambayo tabia zake nilikuwa nimezizoea, na kwa miaka 4 iliyopita yalikuwa yametulia kiasi kwamba nilianza kuingia katika jengo geni bila kuuliza kwanza choo kiko wapi. Kisha kipimo cha damu cha kawaida kikaonyesha kwamba kimeng'enya kimoja, alkalini fosfatasi, kimepanda hadi mara 3 ya kiwango cha juu kinachokubalika. Sikuwa na maumivu yoyote. Macho yangu yalikuwa meupe na mkojo haukuwa umebadilika rangi. Kipimo kilirudiwa, majibu yakawa yaleyale. Ultrasaundi ikafanywa, haikuona kitu. Ndipo nikapelekwa kwenye MRI, kipimo cha picha kwa nguvu ya sumaku, ya mirija ya nyongo, na siku ya majibu daktari aliugeuza uso wa kompyuta yake ili nami nione. Mirija iliyopaswa kusambaa laini kama matawi ya mti ilikuwa imebanwa hapa, imetanuka pale, kisha imebanwa tena, mfano wa shanga zilizotungwa katika uzi.

Ugonjwa huo una jina refu, praimari skilerosingi kolanjaitisi, na madaktari huufupisha kwa herufi PSC. Mirija inayotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka katika utumbo huvimba na kuacha makovu. Makovu yakiongezeka, nyongo hukwama, nalo ini hudhurika polepole, kwa kawaida kwa miaka mingi, na linaweza kufikia hatua ya sirosisi, yaani ini kujaa makovu na kukakamaa. Chanzo chake hakijajulikana. Kinachojulikana ni ukaribu wake na utumbo: katika kila wagonjwa 10 wa PSC, takribani 7 wana ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, na mara nyingi huwa ni kolaitisi kama yangu. Ukianza kuhesabu upande wa pili, wenye kolaitisi ambao hupata PSC ni wachache sana.

Mwenye maradhi haya mawili kwa pamoja anakabiliwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyo kubwa kuliko ya mwenye kolaitisi peke yake, na kwa sababu hiyo hufanyiwa kipimo cha kamera mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama tumbo lake limetulia. Nami nilikwenda nikiamini kwamba ni utaratibu tu. Kamera ilipita polepole, na vinyama vikakatwa hata katika sehemu zilizoonekana nzima. Katika sehemu 2 zilizo mbali moja na nyingine, seli zilikuwa zimeanza kubadilika. Bingwa wa pili wa maabara aliyepelekewa sampuli zilezile aliona vivyo hivyo. Haijawa saratani, lakini iko katika njia inayoelekea huko, na kwa mtu mwenye hali yangu ushauri ulikuwa kuondoa utumbo mpana wote pamoja na sehemu yake ya mwisho.

Nimekuwa nikilirudia jambo hili akilini kila ninapokosa usingizi. Kama ini lisingetiliwa shaka, kamera isingeingizwa mwaka huu, na mimi nisingeuliza, kwa sababu nilikuwa sijisikii mgonjwa. Ini ambalo halijaniuma hata siku moja ndilo lililousemea utumbo wangu kabla haujafika pabaya zaidi. Kwa miezi 2 nililichukulia kama mtu wa nyumbani aliyenisaliti, na sasa sijui nilichukulie vipi. Siwezi kulishukuru, kwa maana limeniletea ugonjwa usio na tiba. Lakini hasira niliyokuwa nayo imepungua, na nimeona niandike hivyo kabla haijarudi.

Watu wangu wa karibu wanaufurahia upasuaji, nami nawaelewa. Mdogo wangu aliniambia, "Dada, ukishatoka pale, basi, umepona." Sikuwa na moyo wa kumsahihisha, maana hata mimi nilikuwa nimeamini hivyo kwa siku kadhaa. Nilimuuliza daktari wa ini kama utumbo ukitolewa ini nalo litapata nafuu, kwa kuwa yalionekana kuwa magonjwa ya ukoo mmoja. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwamba upasuaji unaniondolea hatari ya utumbo, na kwamba ini litaendelea na mwendo wake nao wataendelea kulifuatilia. Alilisema kwa upole, bila kulizungusha. Ninamshukuru kwa kutonipa tumaini ambalo ningelazimika kulirudisha.

Upasuaji una tarehe, una saa, una orodha ya vitu vya kubeba. Hofu yangu imepata pa kukaa. Hofu ya ini haina tarehe, kwa hiyo nimeifungia ndani ya ile nyingine, na kila mtu akiniuliza hali yangu ninamjibu habari za kisu. Lugha yetu yenyewe ilishaweka uchungu mahali hapa tangu zamani, maana aliyeumizwa sana twasema amekatwa maini, na jambo lililoharibika twasema limetumbukia nyongo. Nimeyatumia maneno hayo tangu utotoni bila kufikiri kwamba siku moja yataweza kuandikwa katika faili langu la hospitali.

Nilichokitaka kwa ini ni dawa. Hakuna hadi leo dawa iliyothibitishwa kupunguza kasi ya PSC. Ipo asidi ya ursodeoksikoliki, ambayo baadhi ya madaktari huiandika kwa kipimo cha wastani na wengine hawaiandiki kabisa, na daktari wangu yumo katika kundi hili la pili. Alinieleza juu ya utafiti uliotangazwa mwaka 2009, ambapo wagonjwa walipewa kipimo kikubwa, miligramu 28 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wao kwa siku. Vipimo vyao vya damu vilipendeza, lakini waliopatwa na madhara makubwa walikuwa wengi kuliko wale ambao hawakupewa dawa. Nimelitafakari sana hilo, kwa sababu mimi ni mtu wa namba. Kila majibu yanapotoka huangalia kwanza kama alkalini fosfatasi imeshuka, na ikishuka siku yangu hung'ara. Sasa najua kwamba namba inaweza kushuka na ini lisipone. Kuna pia kupandikizwa ini iwapo hali itafika huko, ingawa ugonjwa unaweza kurudi hata katika ini jipya. Na kuna saratani ya mirija ya nyongo, ambayo nimejiwekea sharti la kutoisoma baada ya magharibi. Kwa hilo nina MRI kila mwaka, na kwa sasa hiyo inanitosha.

Nina jambo moja linaloniuma kuliko nilivyotarajia. Shangazi yangu, ambaye ananipenda na ambaye amekuwa akiniombea kila siku, alipoambiwa kwamba ni ini aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kwani wewe unakunywa?" Nilimjibu haraka kwamba sijawahi kuonja pombe, naye akashusha pumzi. Baadaye nilijutia ule uharaka. Jibu lilikuwa la kweli, lakini nililitoa kama mshtakiwa, kana kwamba anayestahili pole ni yule tu ambaye hakunywa. Ini la mtu aliyeharibiwa na pombe nalo linauma familia yake, na yeye pia hukaa katika benchi lilelile ninalokaa mimi, akiogopa bahasha ileile. Nimeamua kwamba nikiulizwa tena nitaeleza ugonjwa wangu ni nini, bila kujitakasa kwanza.

Uchovu ndio dalili pekee niliyo nayo, nao ni mgumu kuueleza. Ninaweza kulala saa 9 na kuamka kama mtu aliyekesha msibani. Muwasho, ambao wengi wenye ugonjwa huu huulalamikia, bado haujanifikia. Hata hivyo, kila mbu akiniuma mkono huukagua kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Maandalizi mengine yamekwenda vizuri. Damu imepimwa kama inaganda ipasavyo, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu, na vitamini K haifyonzwi vyema nyongo inapopungua. Daktari wa usingizi alikaa nami kwa muda mrefu.

Uamuzi uliokuwa mzito ni wa njia itakayotumika baada ya utumbo mpana kuondoka. Njia ya kwanza ni stoma ya kudumu, ambapo ncha ya utumbo mwembamba hutolewa kwenye ngozi ya tumbo na choo hupokelewa na mfuko wa nje. Ya pili ni kushona mfuko wa ndani kwa utumbo mwembamba wenyewe na kuuunganisha na njia ya haja, upasuaji ulioelezwa na madaktari Parks na Nicholls wa hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1978. Nilidhani hapo angalau ini halitakuwa na la kusema. Kumbe wenye PSC huvimba mfuko huo wa ndani mara nyingi zaidi kuliko wengine, na upande wa stoma, iwapo siku moja shinikizo la damu katika mishipa ya ini litapanda, mishipa iliyozunguka stoma inaweza kutanuka na kuvuja damu. Kipimo cha ugumu wa ini kimeonyesha kwamba langu bado ni laini. Nimechagua mfuko wa ndani, na stoma ya muda ya kuulinda hadi upone, nikijua kwamba nimechagua kati ya shida 2 ile ambayo nadhani nitaiweza.

Jumatatu muuguzi wa stoma alinichora. Aliniambia niketi, nisimame, niiname, nilale, huku akitafuta mahali ambapo ngozi haikunjiki na mkanda haupiti, na ambapo macho yangu yatapaona bila shida. Akaweka duara kwa kalamu nyeusi upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Alinipa pia mfuko wenye maji kidogo niubandike na kushinda nao nyumbani. Niliufunika kwa khanga siku nzima. Jioni mume wangu aliniomba auone. Alipiga magoti, akausoma mzingo wake kwa vidole, akauliza kama unanibana. Nikasema haubani. Hatukuongeza neno, naye hakuinuka upesi.

Leo jioni nimelifungua daftari la maswali. Kurasa 4 zimejaa maswali ya daktari wa upasuaji. Nimegeuza ukurasa mpya, nikaandika juu yake neno Ini, pamoja na tarehe ya miadi ya kliniki, ambayo ni wiki 6 baada ya upasuaji. Swali la kwanza nililoliandika ni hili: nikichoka, nitajuaje kama ni kidonda kinachopona au ni ini?